Uso wa programu nao husomwa: rangi, herufi kubwa na majina ya amri katika vyombo vyetu vya kazi

Utangulizi

Mwaka uliopita, katika mazoezi ya fonetiki, tulikuwa wanafunzi tisa mbele ya ordinateri nne. Asistanti alikuwa ametugawia karatasi mbili zilizorudufiwa kutoka silabi ya zamani. Karatasi ilisema: fungua sauti, kisha bonyeza kitufe cha tatu upande wa kuume. Kwenye mashine ya kwanza, kitufe cha tatu kilitupeleka mahali pengine kabisa. Kwenye ya pili tulikipata, lakini jina lake halikuwa lile la karatasi. Saa mbili za mazoezi zilikwisha kabla hatujapima hata silabi moja.

Siku ile nilimlaumu mwandishi wa karatasi. Leo nauliza swali lingine: je, kitufe ni mahali, ni picha, au ni neno? Kwa mwanafunzi wa lugha swali hili si mchezo. Vyombo tunavyotumia kuchunguza lugha zetu vina uso, na uso huo umejaa ishara. Tunausoma kila siku bila kujua kwamba tunausoma.

Katika makala haya nitafuata mabadiliko ya sura ya programu za kuandikia programu, hasa tukio la mwaka 2012 lililowagawa watumiaji wengi. Kisha nitarudi kwenye programu ya Praat, inayotumiwa na wanaisimu, na kueleza kosa nililolifanya mwenyewe. Mwishoni nitapendekeza mambo manne kwa mazoezi yetu.

1. Maneno ya kufanyia kazi

Kiolesura ni sehemu ya programu ambayo mtu anaiona na kuigusa: menyu, vitufe, madirisha, rangi, herufi. Hapa nitasema pia «uso», kwa sababu neno hilo ni jepesi na kila mtu analielewa.

Charles Sanders Peirce alitofautisha aina tatu za ishara. Ikoni hufanana na kitu chake, kama picha ya mti. Kielezo huungana na kitu chake, kama moshi na moto. Alama hutegemea mapatano ya watu tu, kama neno. Saussure, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alikaza kwamba ishara ya lugha ni ya nasibu: hakuna sababu ya asili inayounganisha sauti na maana.

Chukua sasa kitufe cha kuhifadhi kazi. Katika programu nyingi kina picha ya disketi. Mimi nina miaka ishirini na minne, na sijawahi kuhifadhi kazi yangu kwenye disketi. Kwa aliyeitumia, picha ile ilikuwa ikoni. Kwangu ni alama tupu: najua maana yake kwa sababu nimefundishwa. Wengine wanasema picha hiyo imepitwa na wakati na ifutwe. Mwanaisimu hana haraka hiyo. Neno letu «simu» linatokana na Kiajemi, ambako asili yake inahusu waya. Leo tunatembea na simu zisizo na waya wowote, na hakuna anayedai tubadilishe jina. Ishara inaweza kupoteza mfanano wake na bado ikafanya kazi, mradi mapatano yadumu.

2. Kutoka neno hadi picha

Mwezi wa Novemba 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, iliyoandikwa na Anders Hejlsberg, kwa bei ya dola 49.95. Faili lake kuu halikufika kilobaiti 40. Jambo jipya lilikuwa kwamba mtu aliweza kuandika, kutafsiri msimbo na kuona kosa lake mahali pamoja, bila kutoka. Uso wake ulikuwa maneno matupu: orodha fupi ya amri, na herufi moja ya kila amri ndiyo iliyobonyezwa. Hapakuwa na picha hata moja.

Matoleo yaliyofuata yalipata menyu za kushuka, na baadaye ile sura ya bluu ambayo wengi waliojifunza Pascal bado wanaikumbuka. Mwaka 1992 toleo la 7 lilianza kupaka rangi msimbo wenyewe. Maneno ya lugha ya programu, kama begin na end, yalipata rangi yao, na matini yaliyo ndani ya alama za nukuu yalipata nyingine. Mwalimu wa sarufi angelitambua zoezi hilo mara moja: ni kupigia mstari vitenzi kwa kalamu nyekundu na nomino kwa kalamu ya buluu. Rangi hiyo haimo katika msimbo. Ukiiondoa, programu inafanya kazi vilevile. Ipo kwa ajili ya msomaji peke yake.

Mwaka 1991 Microsoft ilitoa Visual Basic. Hapa mtu hakuanza kwa kuandika, alianza kwa kuchora dirisha, akaweka kitufe, kisha akaandika kitakachotokea kitufe kikibonyezwa. Katika miaka iliyofuata mistari ya vitufe vyenye picha ndogo ilienea katika programu za aina hii. Picha nyingi zilikuwa na upana wa nukta 16 na kimo cha nukta 16. Katika eneo dogo namna hiyo, huwezi kuchora mengi. Rangi ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa: manjano kwa folda, nyekundu kwa kusimamisha, kijani kwa kuanzisha.

3. Rangi ilipoondolewa

Mnamo Februari 2012 Microsoft ilionyesha toleo la majaribio la Visual Studio mpya. Rangi zilikuwa zimeondolewa karibu zote. Uso wote ulikuwa wa kijivu, na ikoni zilikuwa vivuli vya rangi moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki: mtu anakuja kuangalia msimbo wake, basi yanayouzunguka yanyamaze. Tena kampuni ilikuwa inaelekeza bidhaa zake zote kwenye sura ileile bapa iliyoonekana katika simu zake tangu 2010 na baadaye katika Windows 8.

Watumiaji walilalamika kwa wingi, na maelfu walipiga kura mtandaoni wakiomba rangi zirudishwe. Wengi waliona ni suala la kupenda na kutopenda. Mimi naona ni suala la sarufi.

Tazama sentensi hii ya Kiswahili sanifu: Vitabu vyangu vikubwa vimeanguka. Wingi na ngeli vimetajwa mara nne. Mara moja ingetosha kwa maana, nyingine tatu ni ziada. Lakini ziada hiyo haipotei bure, kwani ukikosa kusikia kipande kimoja kwa sababu ya mvua juu ya bati, kingine kinakuokoa. Kitufe cha zamani kilikuwa na upatanisho wa namna hiyo. Kilijulikana kwa mahali pake, kwa umbo lake, kwa rangi yake, na kwa jina lililotokea ukikielekezea panya. Kuondoa rangi ni kufuta kiambishi kimoja cha upatanisho. Maana haifi, lakini zile ishara zilizobaki zinabeba mzigo zaidi, na umbo la nukta 16 lilikuwa dhaifu mno kwa mzigo huo.

Mtu atanijibu kwamba lugha hupoteza upatanisho na watu wanaendelea kuelewana. Ni kweli, na ushahidi tunao nyumbani. Katika Kiswahili cha Lubumbashi tunasema «kitabu yangu» na «bitabu yangu», na hakuna anayepotea. Lakini badiliko hilo halikuamriwa na mtu. Lilikuja polepole, kinywani mwa wasemaji wenyewe, na mpangilio wa maneno pamoja na muktadha vilibaki kushika kilichoachwa. Katika tukio la 2012 msemaji hakuulizwa. Aliamka asubuhi akakuta viambishi vimefutwa.

Microsoft ilisikia kwa sehemu. Toleo lililofuata la majaribio lilirudisha rangi kidogo, na mwaka 2013 sasisho moja lilileta tena sura ya bluu kwa aliyeitaka. Visual Studio 2022, iliyotoka Novemba 2021, ilikuja na ikoni zilizochorwa upya, zenye rangi zinazoonekana vizuri zaidi.

4. Herufi kubwa: sauti au kelele?

Toleo lile lililorudisha rangi kidogo lilileta ugomvi mwingine. Menyu za juu ziliandikwa zote kwa herufi kubwa: FILE, EDIT, VIEW, BUILD. Waliozibuni walisema herufi kubwa zinaupa ukanda wa juu muundo wazi na kufanana na bidhaa nyingine za kampuni. Wengi wa watumiaji walisema kwamba programu inawapigia kelele. Haikuchukua muda, watu waligundua thamani ya kuandika ndani ya rejista ya Windows ili kurudisha herufi ndogo, na matoleo ya baadaye yaliweka chaguo hilo katika mipangilio ya kawaida.

Mwanasaikolojia Miles Tinker wa Marekani alionyesha katika karne iliyopita kwamba matini yaliyoandikwa yote kwa herufi kubwa husomwa polepole kuliko yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Lakini tusiupeleke ushahidi huo mahali usipofika. Yeye alipima usomaji wa matini, na menyu ni maneno machache yaliyosimama peke yake, ambayo mtumiaji wa kila siku hayasomi tena bali anayatambua. Sidhani kwamba hasira ya 2012 ilitokana na kasi ya kusoma.

Naona sababu nyingine. Katika Pascal, herufi kubwa na ndogo hazitofautishi maana: Jumla na JUMLA ni jina moja. Katika C#, lugha nyingine ambayo Hejlsberg huyohuyo aliongoza ubunifu wake, ni majina mawili tofauti. Tukitumia istilahi za somo letu, ukubwa wa herufi katika Pascal ni kama alofoni, na katika C# ni sifa bainishi. Watumiaji wengi wa Visual Studio walikuwa waandishi wa C#. Siku nzima jicho lao lilifanya kazi ya kutenganisha herufi kubwa na ndogo kwa sababu hapo ndipo maana ilipo. Kisha juu ya ukurasa uleule wakawekewa herufi kubwa zisizo na maana yoyote. Ni kama kumwambia msemaji wa Kilingala: kuanzia leo toni ni pambo tu.

Kwetu kuna tatizo jingine, nalo linahusu alama juu ya herufi. Katika Kifaransa kilichopigwa chapa, herufi kubwa mara nyingi hupoteza alama zake, na INTERNE inaweza kuwa interne au interné. Anayetumia klavye ya AZERTY anajua ilivyo taabu kuandika É kubwa, na wengi huacha. Sasa fikiria Kilingala, ambamo moto ni mtu na motó ni kichwa, kokoma ni kuandika na kokóma ni kufika. Siku tutakapoandika menyu katika lugha zetu zenye toni, mbunifu anayependa herufi kubwa bila alama atatufutia tofauti hizo kwa ajili ya urembo.

5. Neno linarudi

Wakati ugomvi wa rangi ukiendelea, njia nyingine ilikuwa imeanza kufunguka. Mhariri wa msimbo uitwao Sublime Text uliweka kisanduku kimoja ambamo mtu anaandika herufi chache za jina la amri, na orodha ya amri zinazolingana inajitokeza. Visual Studio Code, iliyotangazwa mwezi wa Aprili 2015, iliifanya njia hiyo kuwa mlango mkuu: unabonyeza Ctrl, Shift na P, unaandika unachotaka. Huna haja ya kujua kitufe kiko wapi wala kina rangi gani. Unahitaji kujua kinaitwaje.

Tazama mzunguko huu. Mwaka 1983 amri ilikuwa neno. Katika miaka ya 1990 ikawa picha yenye rangi. Mwaka 2012 picha ikapoteza rangi. Kisha neno likarudi. Hata hivyo neno hili lina bei yake, kwa sababu anayetafuta kwa jina lazima ajue jina. Picha ya folda haiulizi kama umesoma kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Kisanduku cha amri kinauliza. Hapo wanaisimu tuna kazi. Wenzetu wa Dar es Salaam walikwisha kuonyesha kwamba inawezekana, kwa kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yenye menyu za Kiswahili. Kuchagua kati ya «hariri» na «badilisha», au kati ya «hifadhi» na «weka», ni uamuzi wa kileksika kabla ya kuwa uamuzi wa kiufundi.

Praat ilichukua msimamo wake zamani. Iliandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na jina lake kwa Kiholanzi lina maana ya «sema». Uso wake ni mkavu: dirisha la vitu, dirisha la picha, vitufe vya maneno matupu. Wengi wa promosheni yetu waliucheka. Lakini ndani yake kuna utaratibu ambao sijauona kwingine kwa uwazi huo: jina lililoandikwa kwenye kitufe ndilo neno la lugha yake ya skripti. Kitufe kimeandikwa To Pitch..., na nukta tatu zina maana kwamba programu itakuuliza thamani. Katika skripti unaandika:

To Pitch: 0, 75, 600

Nukta tatu zimegeuka nukta mbili, na majibu yamefuata. Aliyebonyeza kitufe amekwisha kujifunza neno, na aliyejifunza neno anaweza kuandika sentensi.

Utaratibu huo unawafunga waandishi wake. Hawawezi kubadilisha lebo kwa kupenda, maana kila lebo iliyobadilishwa ingevunja skripti za watu duniani kote. Walipobadilisha menyu ya Write kuwa Save, amri za zamani ziliendelea kukubaliwa katika skripti ingawa hazionekani tena katika menyu. Tunajua hali hiyo katika lugha: kijana hasemi tena neno la babu yake, lakini babu akilisema, analielewa. Uso unaweza kubadilika kwa amani pale ambapo msamiati wa zamani haufutwi.

6. Kosa langu

Nimesifu, sasa niungame. Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu toni za vitenzi vya Kilingala. Nilimrekodi mama mzee mmoja, mzaliwa wa Mbandaka, aliyekuwa jirani yetu. Miezi michache baadaye alihamia kwa watoto wake, mbali, na sina njia ya kumrekodi tena. Nilichonacho ni sauti zile tu.

Nilianza kupima kwenye ordinateri ya rafiki. Sauti ya mama huyo hushuka sana mwishoni mwa sentensi na kuwa ya kukwaruza. Katika sentensi kumi na moja, mstari wa toni ulikatika kwenye silabi ya mwisho. Niliandika katika daftari: «silabi ya mwisho haina toni inayopimika», na nilikuwa nimeanza kujenga sura nzima juu ya jambo hilo. Halafu nikaendelea na kazi kwenye mashine nyingine. Sentensi zilezile, na mstari ulifika hadi mwisho katika nyingi.

Sauti haikuwa imebadilika. Mashine mbili zilikuwa na matoleo mawili. Thamani za kawaida za zamani zilitafuta toni kati ya Hz 75 na Hz 600. Toleo la 6.4, lililotoka mwishoni mwa 2023, lilileta njia nyingine ya kupima ambayo kwa kawaida huanzia Hz 50 na kufika Hz 800. Sauti ya mama ilikuwa inashuka chini ya 75. Katika njia ya kwanza ilitoka nje ya wigo, katika ya pili ilibaki ndani.

Programu haikunificha kitu. Thamani zile ziliandikwa mbele yangu kila niliponyoosha mkono, nami nilibonyeza bila kusoma. Nilifanya kama asistanti wa karatasi ile: nilijua kitufe, sikujua sentensi. Nilikuwa nimeona To Pitch, sikuona 0, 75, 600. Kama ningekuwa nimeandika skripti, namba zingebaki kwenye karatasi yangu, na profesa wangu angeziona siku ya kwanza. Nilifuta sura ile, nikaanza upya.

Hitimisho

Sidai kwamba uso mkavu ni bora kuliko uso mzuri. Rangi, umbo na mahali ni upatanisho, na upatanisho humsaidia msomaji. Ninachodai ni kwamba sura ya programu hubadilika kwa sababu zisizotuhusu, kama vile mtindo wa mwaka au sura ya simu za kampuni fulani, na kazi yetu haipaswi kusimama juu yake. Kwa hiyo napendekeza kwa mazoezi ya fakilte yetu:

Kwanza, karatasi za mazoezi zitaje amri kwa jina lake kamili, siyo kwa mahali pake kwenye skrini.

Pili, kila karatasi na kila kazi ya mwanafunzi itaje toleo la programu iliyotumika, kama tunavyotaja mwaka wa kitabu.

Tatu, kila kipimo kilichomo katika kazi ya mwisho kifuatwe na mstari wa skripti uliokitoa, pamoja na thamani zake zote.

Nne, katika semina ya istilahi tuchukue menyu moja ya programu tunayoitumia na kuitafsiri katika Kiswahili na katika lugha nyingine moja ya nchi, tukiweka alama za toni kwa lugha inayozihitaji, na tukijadili kila neno.

Wiki iliyopita nilirudi katika chumba kile cha mazoezi. Ordinateri ni zilezile nne, na wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa na karatasi ileile ya zamani. Nilimwomba Bwana Asistanti ruhusa, nikakata kwa kalamu maneno «kitufe cha tatu upande wa kuume» na kuandika juu yake mstari mmoja wa skripti. Mashine zote nne ziliuelewa.